Picha Thelathini na Sita za Firauni

Sikwenda. Kwa miaka minne nilisema nilikwenda, nikala na kiapo mara mbili, kimoja ndani ya mwezi wa Ramadhani. Sikwenda. Nilikuwa Kairo, anwani nilikuwa nayo mkobani, mlango wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye kiti nilichokalia, na sikunyanyuka.

Mlango ulikuwa wa baba mdogo. Aliondoka Dodoma miaka ya mwanzo ya uhuru, kijana mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani, akaenda Misri kusomea dini. Kwa muda barua zilikuja, na nyuma ya kila bahasha aliandika anwani yake kwa mwandiko uliopangwa kama shanga. Kisha zikakatika. Bibi, mama yake, hakukubali kwamba zimekatika. Alisema posta imeharibika. Chumba cha mwanawe pale uani kilikaa kimefungwa, kikifunguliwa Alhamisi tu kufagiliwa. Kila Idi sahani yake ya pilau ilipakuliwa, ikafunikwa kawa, ikakaa mpaka jioni. Shehe aliposhauri kijana asomewe hitma, Bibi alimkatalia. "Aliye hai hasomewi hitma, shehe. Unataka nimchimbie mwanangu kaburi?"

Lakini alikuwa amechoka. Kitu kimoja tu alikitaka kabla hajafa: aambiwe mwanawe yu hai, ili aendelee kumngoja, au amekufa, ili amlilie.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu viwili viliingia nchini kwa fujo: mitumba na semina. Mimi, mwalimu wa historia wa sekondari, nilijaliwa vyote. Niliteuliwa kwenda semina ya walimu Kairo, na koti la safari nikalichomoa kwenye rundo mnadani. Miaka kumi na tano nilikuwa nimechora Misri ubaoni, pembetatu tatu na mtende mmoja, nikawapa sufuri watoto waliosahau mtende.

Bibi, ambaye upande wa magharibi hakuwahi kuvuka stesheni ya Zuzu, jirani tu na mji, alifungua pindo la khanga akatoa bahasha ya mwisho.

"Mke mwenza," alisema, kwa utani wetu, "ukimkuta ameoa huko, usimgombeze. Mwambie tu mama anakuulizia."

Semina ilikuwa ya kukaa ndani siku tano. Ya sita, wenyeji wetu walitupa basi na mwongozaji: piramidi asubuhi, makumbusho mchana, halafu msikiti wa kale na soko la kale. Nililinganisha bahasha na ramani ya hoteli. Anwani ilikuwa nyuma ya soko. Niliona Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga ratiba.

Mwongozaji alikuwa mzee mwenye tai iliyofifia, akitembea na mwavuli uliofungwa ameuinua juu tusimpotee. Hakuna swali lililomshinda. Asubuhi mwalimu mmoja alimuuliza jina la mke wa mfalme fulani, akalitaja. Mchana mwingine akauliza lilelile, akataja jingine. Mimi niliandika yote mawili. Nilimhesabu mwongo. Baadaye, nilipojua zaidi habari za uongo, nilielewa kwamba mzee wa watu alikuwa amechoka tu kuulizwa.

Piramidi zilikuwa kubwa. Ninasikitika kwamba msomi wa chuo kikuu hana zaidi ya hilo. Tuliinama ndani ya njia nyembamba, kisogo cha huyu kwenye pua ya yule, tukapanda kwa jasho mpaka chumba cha jiwe kisicho na kitu. Watu wakakipiga picha. Nami nikakipiga. Nyumbani tulikuwa nacho cha namna hiyo, kinafagiliwa kila Alhamisi, na sikuwahi kukipiga picha.

Makumbushoni tulionyeshwa maiti za wafalme. Utotoni tulitishwa na mumiani. Sasa nilikuwa nimepanga foleni kuwaona. Mmoja alikuwa na kucha. Alikuwa na nywele kidogo, rangi ya hina, na mdomo uliobaki wazi kama mtu aliyekatizwa maneno. Nikajiambia kwamba nikigonga mlango ule, huenda atakayefungua ni mtu wa namna hii, mkavu, asiyenijua, na nitatakiwa kumpelekea Bibi habari zake.

Hiyo ndiyo sababu ya kisomi, na nimeitumia sana. Sababu yenyewe ni miguu.

Sokoni tulipewa dakika arobaini. Nilimwonyesha mwongozaji bahasha. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma.

"Ni karibu sana, dada," alisema kwa Kiingereza chake. "Pita lango la mawe, shika kushoto, uliza. Dakika kumi."

Nilikaa kwenye duka la chai nivue viatu kidogo. Vilikuwa vipya. Miguu ilikuwa imeumuka kama maandazi, na kuirudisha ndani ilikuwa kazi. Nikasema nimalize chai. Kisha nikasema nimalize na ya pili. Kijifirauni cha plasta kilikuwa kinauzwa pembeni yangu, nikakinunua bila kusimama. Nilipoinua macho, mwavuli ulikuwa juu, tunaitwa kwenye basi.

Nilirudi Dodoma nimeamua kusema ukweli wa nusu: nilitafuta, sikumpata. Bibi alikuwa mkekani uani, Shangazi, bintiye, pembeni yake akichambua mchele.

"Ulifika?"

"Nilifika, Bibi."

"Mlango rangi gani?"

Sikutegemea hilo. "Kijani."

"Nani kafungua?"

"Mzee mmoja. Hamjui baba mdogo."

"Kahamia lini hapo? Jirani je, umewauliza? Msikitini? Mwenye duka? Basi mtoto wa shehe anakwenda Hija mwakani, nitamwambia apitie, wewe umwelekeze vizuri huo mlango."

Kila jibu lilizaa maswali matatu. Nilikuwa nimesafiri siku mbili, miguu bado inaniuma, nikatafuta jibu lisilo na swali nyuma yake.

"Amefariki, Bibi. Zamani. Wamesema homa."

Mchele ukanyamaza kwenye ungo. Bibi alitazama mikono yake.

"Walimwosha?" aliuliza.

"Walimwosha."

Hitma ilisomwa. Chumba kilifunguliwa, sanduku la bati likafunguliwa, kanzu zake wakagawiwa vijana wa madrasa. Mwezi uliofuata chumba tukakipangisha kwa muuza mitumba. Bibi hakulia kwa sauti. Aliacha kuulizia posta. Idi iliyofuata sahani moja ilipungua, na Bibi hakuigusa hata yake. Miezi saba baada ya safari yangu tulimzika, upepo wa Dodoma ukijaza vumbi kaburini kabla ya majembe. Hakuugua kitu cha kutajika. Alikuwa amemaliza kungoja, na sikumwachia kazi nyingine.

Shangazi peke yake hakuniamini. Siku picha ziliposafishwa alizipanga mkekani kama karata.

"Thelathini na sita," alisema. "Firauni kakaa. Firauni kalala. Ngamia. Wewe na ngamia. Mlango wa kaka yangu uko wapi, msomi?"

"Filamu iliisha, Shangazi."

"Iliishia kwa ngamia?"

Kila Idi alirudia, mbele ya watu, akicheka. "Mlango ulikuwa rangi gani vile?"

"Kijani."

"Mwaka jana ulisema bluu."

Ndipo nikaapa. Na baada ya kuapa nilianza kuuona ule mlango, kitasa chake, mzee aliyefungua, hata kanzu aliyovaa. Nimewafundisha watoto historia kwa ushahidi dhaifu kuliko huo.

Mwaka wa nne Shangazi alifungiwa simu dukani kwake, pale anapouza khanga, baada ya kuiomba tangu enzi za foleni ya sukari. Aliifunika kitambaa cha kufuma. Nilikuwa nimepita adhuhuri, natafuta doti ya sherehe, ilipolia.

"Halo," alisema. "Nani? Sema tena." Akaketi juu ya robota. "Mwanafunzi gani? Wa Kondoa? Ndiye kakupa namba?" Mkono wake ulishika kaunta. "Barua zipi? Mwenzetu, hatukupata barua. Hata moja."

Nilikunja khanga niliyokuwa nimeishika. Nikaikunjua. Nikaikunja.

"Unakaa wapi sasa?" Shangazi alisikiliza muda mrefu. "Palepale? Hukuhama?" Macho yake yakanigeukia, hayana hasira, na nilitamani yangekuwa nayo. "Niambie kitu kimoja, kaka. Mlango wako una rangi gani?"

Akasikiliza.

"Haujapakwa rangi," aliniambia. "Mbao tupu. Tangu ahamie."

Kisha akanyoosha mkono, waya ukavutika juu ya kaunta.

"Shika, msomi. Anaomba kuongea na mama."