Kibondo miaka ya 70: nilijichorea njia ya mbio bondeni ili nipate uhamisho

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala "rafiki yangu mmoja". Na kwa kuwa mjinga wa kisa hiki ni mimi, mnaweza kuamini sijatia chumvi. Mtu hatungi uongo wa kujiaibisha.

Mnivumilie tu, naandika kwa kidole kimoja.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi upande wa Busunzu, Kibondo. Kwetu ni Korogwe. Safari ya Korogwe hadi Kibondo siku zile, unafika umesahau ulikuwa unakwenda kufanya nini.

Korogwe niliacha mchumba. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, mimi alinipa matatu tu: "Binti haendi Kigoma."

Kwa hiyo ama nihamishwe, ama nimkose. Hapakuwa na la katikati.

Niliandika barua ya kuomba uhamisho. Nikaandika ya pili, nikaandika ya tatu. Zote nilijibiwa kwamba ombi limepokelewa. Kweli lilipokelewa, na huko lilikopokelewa likakaa.

Sasa, wakuu, mimi nilikuwa mkimbiaji. Tangu chuo cha ualimu nilikuwa nakimbia mbio ndefu, na sijisifu, nilikuwa nakimbia haswa. Kule Busunzu kila asubuhi kabla ya kengele nilishuka kutoka shuleni, nikapita katikati ya miombo yenye mizinga ya nyuki juu ya matawi, hadi ukingo wa Malagarasi. Kisha nafuata mto kwa chini, kwenye mbuga tambarare, hadi kivukoni, ndipo napanda kurudi.

Kiangazi ile njia ilikuwa tamu jamani. Udongo mweusi umekauka, nyasi zimelala, upepo wa mtoni unakupuliza kifuani. Hata leo goti likiniuma naikumbuka.

Shida ilikuwa watu.

Waha na salamu ni kitu kimoja. Ukikutana na mtu mzima njiani unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, "Mwakeye". Naye anapiga makofi, "Mwakeye". Halafu mnaanza: wameamkaje nyumbani, watoto, shamba, mgonjwa wenu, huko utokako kukoje. Mimi nahesabu dakika, mtu ananiuliza habari za shamba ambalo sina!

Nikaamua kuwapita tu, mkono juu, mbio.

Wiki hiyo hiyo akina mama wanne walikuja kwangu na unga wa muhogo, wamejifunga kanga vizuri, nyuso za huzuni. Nikawauliza kulikoni. Wakaniuliza mimi nani amefariki. Kumbe kule anayempita mtu mzima mbio bila salamu ni yule tu aliyebeba habari ya msiba. Niliwaeleza kuwa ni mazoezi. Walitazamana, wakaniachia unga, wakaondoka. Niliona ni ushamba tu. Unga niliula.

Tuendelee.

Siku moja Afisa Utamaduni wa wilaya alikuja shuleni. Akasema kutakuwa na mbio za wilaya, mshindi mmoja tu ataenda Kigoma mjini kwenye za mkoa, na wa mkoa wanaingia kambini Dar es Salaam. Kambini Dar! Kutoka pale nani atanirudisha Kibondo? Ningemalizana na baba mkwe mwezi huo huo.

Akauliza nani anaweza kumchorea njia ya mbio. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi.

Wakuu, nilichora ramani ya kuheshimika. Rula, wino mweusi na mwekundu, kila kona, kila kijito. Na bila aibu niwaambie, niliichora njia yangu mwenyewe, ile ile ya kila asubuhi. Kila pumzi yake naijua. Hao wengine watakuwa wanaishangaa, mimi nimeshafika.

Mbio zikaahirishwa. Zikaahirishwa tena. Zikaangukia masika.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikashikwa na homa, nikalala, sikushuka mtoni hata mara moja. Lakini siku kumi za mwisho mvua ilikatika kabisa, jua kali, uwanja wa shule mkavu. Nikasema Mungu si Athumani.

Siku ikafika. Tulikuwa kumi na watatu. Wa kuogopwa alikuwa mmoja, Zabroni, kijana mchuuzi wa samaki ambaye kazi yake ilikuwa kubeba tenga la samaki kwa miguu hadi Makere. Miguu mikavu, hana hata viatu. Mimi nina raba nyeupe nimezipaka chaki.

Filimbi ikalia, tukashuka.

Kwenye miombo Zabroni yuko mbele yangu hatua chache. Mara tukakuta wazee wawili wanashusha mzinga. Zabroni akasimama! Katikati ya mbio, mbele ya wilaya nzima, akainama, akapiga makofi, "Mwakeye". Nikampita huku nacheka peke yangu. Wale wa nyuma nao, mmoja mmoja, wanasimama. Nikasema hawa hawataki kwenda Dar.

Nikatokea mbugani.

Mbuga haikuwepo. Yalikuwepo maji.

Mvua ilikuwa imekatika kwetu, lakini huko juu mto unakotoka ilikuwa imenyesha, na maji yake yalichukua siku kadhaa kufika. Kila mvuvi alilijua hilo. Mwalimu wa jiografia ndiye hakulijua. Ndiyo, nilikuwa nafundisha jiografia.

Nikaingia hivyo hivyo. Magoti, mapaja, kiuno. Raba moja ikabaki kwenye tope, sijaiona hadi leo. Matete kila upande, sijui mto uko wapi na nchi kavu iko wapi, na hapo ndipo nilipoogopa kikweli.

Nikaona mzee juu ya kichuguu anapanga migono yake ya kutegea samaki. Nikapiga kelele, "Mzee, njia iko wapi?"

Akaweka mgono chini. Akapiga makofi. "Mwakeye, mwalimu."

"Mwakeye mzee. Njia?"

"Shuleni mmeamkaje?"

"Salama! Njia, mzee wangu!"

"Na ile homa yako, imekuachia?"

Mtu niliyempita miezi yote ile kama gogo alikuwa anajua kuwa niliumwa.

Nikajibu kila kitu, nimesimama kwenye maji ya kiunoni. Homa, watoto wa shule, wazazi wangu Korogwe. Tulipofika kwenye habari za huko nitokako, ndipo akasema, "Ya chini imejaa tangu juzi. Watu wanapita juu, kwenye miti. Wazee wa mizinga hawakukwambia? Wanamwambia kila anayewasalimia."

Nikageuka. Juu kule, kwenye miti, nikaona mgongo wa Zabroni unakwenda kivukoni, mkavu. Nyuma yake wengine wote.

Nilifika wa kumi na tatu, na raba moja.

Mngedhani nilinyamaza. Wapi! Nikakata rufaa. Nikamwambia Afisa wote waliacha njia rasmi, aliyefuata ramani ni mimi peke yangu.

Aliikunjua ramani, akaitazama muda mrefu. "Ndugu mwalimu, hapa ulipita?"

"Nilipita."

"Kwenye maji haya?"

"Ndiyo."

"Pole sana," akasema, akaikunja, akaiweka mkobani. Zabroni akaenda Kigoma. Baadaye nikasikia na Dar alifika, na roho iliniuma, sitawadanganya.

Nikaandika barua ya nne. Baada ya mwezi likaja jibu lake, na safari hii walinijibu kweli. Uhamisho haukuwezekana, kwa kuwa ramani imeonyesha kuwa mimi ndiye mtumishi pekee wilayani anayezifahamu vizuri njia za bonde la Malagarasi. Nateuliwa kusimamia michezo hadi itakapoamuliwa vinginevyo.

Nilikaa miaka kumi na minne. Yule binti aliolewa Muheza.

Nilichojifunza: ukifika ugeni, salamu usiione ni kupoteza muda. Mwenyeji anakupa njia humo humo kwenye habari za nyumbani. Na usichore ramani nzuri kuliko barua yako ya uhamisho.

Mliowahi kupangiwa kazi Kibondo, Kasulu na huko kote, leteni yenu tusikie. Wa kunicheka nanyi karibuni, nina ngozi ngumu. Ila anzeni na salamu.