Kuku wa Mgeni

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mashine za kukamua alizeti zikaanza kunguruma Singida mjini, fundi mmoja aliletwa kutoka India. Majirani walimkaribisha kwa desturi yetu, kila nyumba ikampelekea kuku. Hakuchinja hata mmoja. Kila jioni alirudi mikono ikinukia mafuta, akachuchumaa uani, akawamwagia mtama huku akiwasemesha kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayejibiwa. Bi Radhia, jirani yake, hata leo anaikumbuka sauti ile ikipenya ua wa minyaa.

Siku moja uzalendo ulimshinda. “Fundi, kwani jogoo wetu ana kasoro gani?”

“Hana, mama. Mimi hapana kula nyama. Lakini nyumba yangu kimya sana.”

Kesho yake jioni Bi Radhia aliingia uani kwa fundi na kigoda chake, akaketi.