Kipande cha Kutimiza Kilo

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya bucha moja huku Shauri Moyo. Mbele yangu alisimama daktari wa upasuaji, mkononi kasha la barafu. Alimweleza mwenye bucha kwamba anafanya utafiti wa kupandikiza maini, na kwamba anataka ini zima la mbuzi ili wanafunzi wake wajifunze kushona mishipa.

"Usilikate, na mishipa usiitoe," alisema.

"Sawa, daktari. Hiyo ni kazi ndogo."

Mwenye bucha aliliweka ini kwenye mizani taratibu, kama anayelaza mtoto. Mshale ukakaribia kilo, ukasimama. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukakata kipande cha ini la ng'ombe na kukitupa juu yake. Mshale ukafika.

Daktari alivua miwani. "Mzee, nimetafiti miaka mingi ili mwili wa mtu ukubali ini la mwenzake. Wewe umempa mbuzi ini la ng'ombe, na hata mikono hujanawa."

Mwenye bucha alifuta kisu kwenye aproni. "Daktari, hapa anayekataa ni mteja tu, kilo isipotimia."

Daktari alicheka kimya kimya, akalilaza ini la mbuzi kwenye barafu, kisha akaomba kile kipande kifungiwe kwenye gazeti. "Hicho ni cha jioni."

Zamu yangu ilipofika niliagiza nusu kilo ya maini. Nyumbani tulikuta vipande vya rangi tatu. Mwili wangu, hadi naandika haya, haujakataa hata kimoja.