Nilivyowafundisha Migori Kuogopa Radi

Seva mimi naijua kama kiganja cha mkono wangu, na leo bado nasema hivyo. Jana asubuhi Akinyi alinipigia simu kutoka ofisi yetu ya Migori. Kompyuta zake, zile zinazounda programu zetu, zilikuwa zimeshindwa zote kuifikia seva yangu hapa Homa Bay, na mteja alitaka toleo jipya kabla ya saa sita.

"Seva ni nzima, naona taa inawaka," nikamjibu. "Makosa ni ya kwenu."

Akazima, akawasha. Akabadilisha nywila. Wapi! Nikaitisha mkutano wa video kwa simu yangu, bosi akiwemo, nimpe Akinyi somo mbele ya watu.

"Radi ya jana usiku ndiyo imewachomea mashine," nikatangaza. "Mimi wingu likitanda ziwani, kabla ya kwenda nyumbani nachomoa waya zote za seva. Ya umeme, ya intaneti, zote!"

Akinyi akauliza, "Na asubuhi, omera, ndugu yangu, ulirudisha zote?"

Nikageuka. Ya umeme nilikuwa nimeirudisha. Ya intaneti ilikuwa ikining'inia msumarini nyuma ya kichwa changu, na bosi alikuwa akiitazama tangu mkutano uanze.