Mama wa Kwenye Fomu

Kaunti ilikataa kumkatia Mbarouk ukingo ulioinuka wa barabara mbele ya nyumba yake ya Lanham, ughaibuni, ili gari lipande hadi mlangoni na Bi Zainab, asiyejiweza miguu, asibebwe tena. Kwenye fomu Mbarouk aliandika “mama”. Daktari, kwenye cheti chake, aliandika “mdogo wa mama yake”, na kaunti ikaona maelezo hayalingani.

Alikata rufaa. Akaeleza kwa haya kwamba kwao mama mdogo ni mama. Ofisa akampa fomu mpya.

“Wamesemaje, baba?” Bi Zainab aliuliza.

“Wamesema wewe si mama yangu.”

“Ala! Na zile nepi nilimfulia nani?”

Mbarouk alicheka kichovu. Akaandika neno walilolitaka, akalifunika kwa kiganja, ingawa Bi Zainab hajui kusoma Kiingereza.