Gemu Isiyo na Mshale

Mimi sina subira, na kila mtu kwetu anajua. Chapati nageuza kabla haijashika. Hadithi nikisoma naanza kuchungulia kurasa za mwisho. Kwa hivyo kaka yangu aliponiambia tucheze ile gemu yake ya zamani mpaka tupite pale alipokwama, nilikubali siku ya kwanza kwa sababu nampenda, na siku ya pili nikaanza kujuta.

Kaka ndiye wa kwanza kwetu na mimi ndiye wa mwisho. Nilikuwa nimemaliza fomu ya nne, nakaa nyumbani Frere Town, hapa Kisauni, Mombasa, nikingoja kuitwa chuo. Yeye alikuwa anafanya kazi kiwandani Changamwe, na alikuwa amechoka kuamka alfajiri kutoka huku Kisauni kwenda ng'ambo ile. Alikuwa amepata nyumba hukohuko karibu na kazi, na arusi ikishapita angehamia na mke wake. Mashine ya gemu alikuwa ameamua kuniachia. Ile mashine aliinunua kwa jamaa mmoja wa Magogoni aliyekuwa na chumba cha gemu, tivi zimepangwa ukutani, watoto wanalipa wanacheza. Jamaa alipofunga biashara, wengine walikimbilia zile mashine mpya za mpira. Kaka akachukua kuukuu moja, pamoja na pedi zake mbili za kuchezea na hiyo gemu.

Gemu yenyewe ni ya msichana mwenye taa. Yuko kwenye kisiwa ambacho visima vyote vimekauka, anatafuta maji yameenda wapi. Ukiwasha, unajikuta umesimama njiani na taa yako mkononi. Basi. Hakuna ramani, hakuna mshale, hakuna mtu anayekuambia nenda kule, chukua hiki. Unatembea mpaka unafika kwenye kinu cha upepo, kile cha kusagia nafaka, na pembeni yake kuna mlango wa chuma kwenye mwamba. Kaka aliufikia mlango huo akiwa shule ya msingi. Hakuwahi kuupita. Wala wenzake aliokuwa anacheza nao, hakuna hata mmoja.

"Nataka kuuona ukifunguka kabla sijatoka nyumba hii," aliniambia.

"Si hata huko Changamwe unaweza kuufungua?"

"Huko nitakuwa mume wa mtu. Mlango nitakaofungua ni wa friji."

Alisema kwa kucheka, lakini nilimwona hatanii. Alikuwa amelala chumba kilekile tangu akiwa mtoto, na vitu vyake vilikuwa vimeanza kuingia kwenye mabegi. Arusi ilikuwa karibu sana. Kila jioni akirudi kazini anaoga, anakula, anakaa kwenye kochi la mama na kunitupia pedi ya pili ingawa gemu ni ya mtu mmoja. Eti nishike tu, nimpe moyo.

Tulijaribu kila kitu. Tulisukuma mawe. Tulichoma nyasi kwa taa. Tulizunguka kile kinu mpaka nikaanza kuhisi kizunguzungu. Mimi nimezoea gemu za simu, ambazo ukisimama kidogo tu kidole kinatokea kinakuonyesha pa kubonyeza, na njia inang'aa mpaka unakokwenda. Nikamwambia hii yake haikuisha kutengenezwa. Aliyeitengeneza alikuwa bahili wa maneno.

"Hizo zenu ni kama kushikwa mkono ukivuka barabara," akasema.

"Bora nishikwe mkono kuliko kugongwa."

"Lakini wewe mtu mzima."

"Na wewe mtu mzima umekwama hapa tangu darasa la sita. Nipe simu niangalie kwa mtandao. Dakika moja tu, tutajua."

Hapo alibadilika uso. Akaichukua simu yangu akaikalia. "Ukiangalia, atakuwa ameufungua mtu mwingine. Mimi nitakuwa nimefuata tu."

Niliona ni ukaidi. Nikamwambia hata barabarani kuna vibao, na hakuna anayesema amepelekwa na kibao. Akarudi kusukuma mawe. Tuligombana hivyo jioni nyingi, kwa sauti ya chini, kwa sababu mama alikuwa na mambo yake ya arusi na hakutaka kusikia habari za mlango.

Jumamosi ya mwisho kabla ya arusi, alasiri, tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, mwenyeji wa hapahapa, mwanamke ambaye mama alikuwa amemwomba asimamie pilau. Pilau yake haina mpinzani mtaa mzima, na hata harufu yake anajua inafika wapi.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo? Mama yupo?"

"Hatujambo. Ameenda kikao cha akina mama kanisani, anarudi sasa hivi."

"Basi tamngoja."

Akaketi na sinia lake la mchele, akaanza kuchagua. Kaka akamsalimia vizuri, kisha akarudi kwenye gemu. Msichana wa taa alikuwa mbele ya kinu. Kuna mzee msagaji amesimama pale mlangoni pa kinu. Ukimbonyezea, anasema neno. Kaka akambonyezea, maandishi ya Kiingereza yakatokea, akayakata, akaondoka kwenda kusukuma mawe.

"Yule baba amesema nini?" anti akauliza.

"Aa, hana maana. Anasema, upepo mkali leo, msafiri."

"Nawe hukumjibu."

"Hawajibiwi, anti. Ni gemu."

"Gemu, gemu. Mtu mzima amekwambia upepo mkali, wamgeuzia mgongo. Ungekuwa wewe, mtu akugeuzia mgongo, ungemwambia neno la maana?"

Nilicheka. Kaka naye akacheka. Ile "upepo mkali leo" ilikuwa mzaha wao tangu utotoni. Mpaka leo akikutana na rafiki zake wa Magogoni ndivyo wanavyosalimiana. Alikuwa ameisikia mara zisizohesabika.

"Mrudie," anti akasema. Hakuinua macho kwenye mchele. "Muulize za nyumbani. Salamu haijesha."

"Siwezi kumuuliza kitu. Kuna kitufe kimoja tu."

"Basi kibonyeze hicho kimoja."

Akabonyeza, nadhani ili amridhishe tu mgeni. Mzee akasema upepo mkali leo, msafiri. Safari hii kaka hakuondoka, alibaki palepale na kumwangalia anti, kama kumwambia umeona. Akabonyeza tena.

Maneno yakabadilika.

Kaka akasogea karibu na tivi. Nikasoma mimi, nikimtafsiria anti: "Anasema, upepo huu ndio unaozungusha kinu, na kinu kikizunguka mlango hushikwa na minyororo yake."

"Ehee," anti akasema. "Si mwaona. Bado ana neno."

Kaka akabonyeza tena, na mimi nikasoma: "Nimechoka kukaa peke yangu. Shika kamba hiyo, unisaidie kukisimamisha."

Kamba ilikuwa pale miguuni mwa mzee. Ilikuwa pale siku zote. Sisi tulidhani ni pambo.

Msichana wa taa akashika kamba, mzee akashika upande mwingine, mabawa ya kinu yakaanza kwenda polepole, polepole, yakasimama. Kukawa kimya. Mpaka hapo sikuwa nimetambua kwamba sauti ya kinu kile ilikuwa ikiendelea muda wote. Halafu minyororo ikalegea na mlango wa chuma ukajiinua wenyewe.

Kaka hakupiga kelele. Aliweka pedi juu ya goti na kujifuta uso kwa fulana.

"Wallahi mwakaa siku zote hizi kwa sababu ya salamu," anti akasema.

"Hatukuwa na wakati, anti," kaka akamjibu, taratibu, kama mtu anayefikiria huku anasema. Ndipo akatueleza vile ilivyokuwa kule Magogoni. Pale kwenye chumba cha gemu ulikuwa unalipia muda. Wenzako wamesimama nyuma yako wanangoja zamu, kila mmoja anakupigia kelele. Mtu wa kwenye gemu akianza kuzungumza, wote wanasema kata, kata, maneno yanakula dakika. Wakajifunza kukata maneno hata kabla ya kuyasoma. Hakuna aliyewahi kumbonyezea yule mzee mara ya pili, maana mara ya kwanza alikuwa ameshakula muda wa mtu. Na kaka alipokuja kununua mashine, hana wa kumlipa wala wa kumngoja, kidole chake kikaendelea kukata tu. Mimi nikajifunza kwake.

"Kumbe ilikuwa inatuambia," akasema.

Mimi bado sikubali kabisa. Nililifikiria jambo hilo sana baadaye. Mtu aliyetengeneza gemu ile alikuwa na mchezaji wake kichwani: amekaa kwao, ana jioni nzima, akimaliza leo au kesho ni sawa. Hakumfikiria mtoto wa Magogoni mwenye wenzake wanne mgongoni. Ungemwekea mtoto huyo dalili kidogo tu, mzee anyooshe mkono kuelekea kamba, mambo yangekuwa mengine, na raha ya kugundua isingepungua. Kwa hivyo kaka akisema gemu ile ilikuwa na mwongozo wa kutosha, namwambia ilikuwa na mwongozo wa kuwatosha wenye nafasi. Kuna mahali mbele zaidi ambapo inabidi uchome kichaka kimoja kati ya vichaka vingi vinavyofanana, na hakuna kiumbe anayekuambia, hata ukimsalimia mpaka jua lizame. Hapo aliyeitengeneza simsamehe. Lakini kuhusu ule mlango nakubali, nusu ya kosa ilikuwa yetu.

Siku ile hatukuzungumza hayo. Anti aliacha mchele wake, akasogeza kiti. Ng'ambo ya mlango kulikuwa na ngazi, na chini ya ngazi mji mwingine kabisa, watu tele, kuku, mbuzi, soko. Kaka akawa anamwendea kila mtu na kungoja mpaka aishiwe na la kusema. Anti akawa anatoa amri. Huyu usimwamini, macho yake mabaya. Yule mwenye kilemba ndiye mwizi wa maji, nakwambia. Msalimie na mbuzi.

"Mbuzi hasemi, anti."

"Wajuaje? Hata yule baba mlisema hana maana."

Tukamsalimia mbuzi. Akalia tu. Mwenye kilemba naye alikuwa mtu mwema kuliko wote, alitupatia mafuta ya taa. Anti akasema anajifanya.

Mama aliporudi alitukuta watatu tumejipanga mbele ya tivi, mchele nusu haujachaguliwa. Akaanza kuomba radhi kwa kumchelewesha mgeni.

"Hukunichelewesha," anti akamwambia. "Kaa kwanza. Huyu mwanao yuko sokoni ananunua kamba."

Arusi ilipita vizuri. Pilau ilitosha, na waliokuja bila kualikwa walikula pia. Siku ya kuhama, kaka alipakia kitanda na mabegi, akaingia chumbani kwake mara ya mwisho, akatoka akinitania kwamba sasa chumba ni changu, nitalala na miguu imenyooka. Hakuuliza habari ya mashine. Alikuwa amepata alichokitaka, na nilimwona amepata, kwa vile alivyokuwa anatembea.

Sasa huja Jumapili baada ya ibada, na mke wake. Wifi ni mtu wa Taita, mcheshi, na hajawahi kushika pedi maishani mwake. Jumapili moja alituuliza ni gemu gani hiyo tunayoisema kila wakati. Kaka akamwanzishia kutoka mwanzo kabisa, akampa pedi, akakaa kando.

Wifi alitembea na taa yake. Akazunguka kinu. Akasukuma mawe, akachoma nyasi. Akaenda kwa mzee, akaambiwa upepo mkali leo, msafiri, akasema "haya baba," na kuondoka.

Nilivuta pumzi. Kaka akanikazia macho na kutikisa kichwa.

"Nimekosea?" wifi akauliza.

"Hapana," kaka akasema. "Endelea tu."

"Si mniambie basi niende wapi. Ninyi mnajua."

"Tunajua," nikasema.

"Na hamtaniambia."

"Ukitaka kabisa, nitakuambia," nikamwambia, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mungu ndiye anayejua nilivyotaka kusema. Neno moja tu, kamba, na tungemaliza, tukaenda mbele.

Wifi aliangalia tivi kidogo, akakunja miguu kwenye kochi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wacha nijaribu tena upande huu."

Akarudi kwenye mawe. Akaanza kuyasukuma moja moja, taratibu, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani. Mimi nikaamka, nikaenda jikoni, nikaanza kuosha vyombo ambavyo mama alikuwa ameshaviosha.