Kofia ya Mume wa Somo Yangu

Mwanamke ninayemsimulia hapa tuna jina moja, kwa hivyo tangu siku ya kwanza tukaitana somo. Kamati ya msitu wa kijiji, upande wa Chwaka, ilimwajiri afagie njia wanazopita wageni na kukata matawi yanayoziba. Kabla ya hapo alikuwa akikata kuni katika msitu huo huo, na mama yake kabla yake. Alinizidi kama miaka kumi. Alikuwa mjane, hakusoma sana, na Kiingereza chake hakikuzidi maneno mawili.

Mimi nilikuwa mwongozaji. Nimezaliwa Kikwajuni, mjini Unguja, na wanyama wa msituni nilianza kuwajua kwenye daftari la mafunzo. Nilikuwa na cheti na kitambulisho cha kuvaa shingoni, na niliweza kumweleza mgeni kwa Kiingereza kizuri kwa nini kima punju, wale wenye mgongo mwekundu, hula mkaa. Kwa miaka saba nilikuwa mwanamke peke yangu katika kazi ile, na nilipenda kuwa peke yangu.

Asubuhi moja nilikuwa na wageni wanne. Somo alikuwa mbele yetu na fagio lake la makuti. Ghafla akasimama, akanyoosha kidevu kuelekea kwenye vichaka.

"Paa nunga," alisema taratibu. "Jike. Ana mimba."

Paa nunga ni paa mdogo ambaye watu wanasafiri kutoka mbali kumtafuta na wanarudi bila kumwona. Katika miaka yangu saba nilikuwa nimemwona mara mbili, na mara zote mbili niliona makalio yake tu yakipotea. Nikatazama alikonyoosha. Niliona kichaka cha mlapaa, majani, mawe, kivuli. Mgeni wa kwanza akavuta pumzi, akamwona. Wa pili naye akamwona, na wengine wote. Mie nikaitikia kwa kichwa kama aliyekwisha kumwona kitambo. Sikumwona.

Wageni wale walikwenda kuhadithia walikofikia. Baada ya wiki mbili watu wakawa wanakuja wanamuulizia yule mama anayeona. Mwenyekiti wa kamati akaniita, akaniambia tangu leo somo atakuwa anatangulia na wageni na mimi nitakuwa namtafsiria. Alisema kwa furaha, kama anayenipa zawadi. Nikamwambia hapana neno. Nilipofika nyumbani niligombana na kila mtu, hata paka.

Sijui watu wengine wivu huwaanza wapi. Mimi ulinianza machoni. Nilikuwa nikifika msituni kabla ya wenzangu, nasimama pale pale aliposimama somo jana yake, natazama mpaka macho yananitoka machozi. Nilimuuliza anafanyaje. Hakunificha. Aliniambia nisitazame majani, nitazame chini ya majani. Nisikilize kima wakinyamaza, si wakipiga kelele. Akanionesha mavi mabichi na mavi ya jana. Nikaandika yote kwenye daftari. Siku ya pili nikapita hatua tatu kutoka kwenye mti aliokuwa amelala komba, nisimwone, na yeye akarudi nyuma kumwonesha mgeni wangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuchezea maneno yake. Akisema mengi, natafsiri sentensi moja. Akieleza jambo zuri, nalisema kwa Kiingereza kana kwamba limetoka kwangu. Wakimuuliza swali gumu, najibu mwenyewe bila kumuuliza, na yeye ananitazama akitabasamu, akidhani namrahisishia kazi.

Kisha wakaja mke na mume kutoka Wales. Walikuwa watu wazima, wamestaafu. Kwao, nyuma ya mji wao mdogo, kuna msitu ambao wao na majirani zao wanautunza. Wanasafisha njia na kuandika ndege na wanyama wanaowaona. Walikaa Chwaka wiki nzima, na kila asubuhi walikuwa kwetu. Mume alikuwa na daftari lenye jalada la ngozi. Kila mara somo alipoonesha kitu, mume aliandika, kisha akaniomba nimtamkie jina la mnyama kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Aliniambia kwao pia wana lugha yao, na anajua jina la mnyama likipita lugha ya mtu mwingine linavyopungua. Nilikubali kwa kichwa. Nilihisi kama amenisema.

Siku ya mwisho tulikaa kwenye gogo, sote wanne. Mke akasema kikundi chao kina tiketi ya mtu mmoja kwenda kwao wakati wa majira ya maua, wiki tatu, kutembea nao katika njia zao na kuwaonesha namna ya kutazama. Wangependa awe somo yangu. Mkalimani wangemtafuta huko huko. Yuko mwanafunzi wa Kizanzibari mji wa jirani. Kisha wote wawili wakanitazama, wanasubiri nitafsiri.

Nikamgeukia somo. "Wanasema wamefurahi," nikamwambia. "Wanasema siku moja ufike kwao."

Somo akacheka, akafunga kanga vizuri. "Waambie n'takwenda. Nnataka kuwaona hao wanyama wanaishi vipi na baridi yao."

Nikawageukia wageni, nikawaambia kwa Kiingereza kilichonyooka: anashukuru sana, lakini mumewe hapendi asafiri.

Sikuwa nimeupanga uongo ule. Ulitoka kama kitu kilichokuwa kimekaa tayari mdomoni. Mke alimshika somo mkono kwa huruma, na somo akamshika naye, akidhani wanaagana. Baada ya mwezi mmoja ikaja barua pepe: kwa kuwa mwenzangu hawezi, je, mimi ningependa?

Nikaenda. Msituni nilisema nimealikwa kwa sababu ya Kiingereza. Somo alinisaidia kutafuta sweta mitumbani, akaniombea dua.

Msitu wao ulikuwa mzuri, siwezi kusema vingine. Mialoni mizee imepinda, imevaa ukoga wa kijani kutoka shina mpaka matawini. Chini, maua ya buluu yametandazwa mpaka huoni udongo. Njia zimewekwa nguzo fupi zilizopakwa rangi, nyekundu kwa njia ndefu, njano kwa fupi, na vibao vimeandikwa Kiwelshi juu na Kiingereza chini. Unapanda, unashuka hadi kijito, unavuka daraja la mbao, unapanda tena. Mvua ya huko hainyeshi ikamaliza. Inakaa hewani na wewe.

Lakini kila niliyekutana naye kwenye njia zile alikuwa na swali moja. Yule mama anayeona hajambo? Katika kibanda chao cha mbao walikuwa wamebandika picha yake ukutani, kubwa, amenyoosha kidevu. Pembeni ya picha kuna kiwiko cha mtu mwenye kitambulisho shingoni. Kiwiko ni changu.

Walinitembeza kwa adabu. Waliniuliza naona nini, na mimi nikawa naona miti. Jioni moja, jua linazama, tulikaa kimya kumsubiri mnyama wao mmoja mwenye milia myeupe usoni anayechimba mashimo marefu. Akatoka. Wote walimwona, hata mtoto wa jirani. Mimi niliona majani yakitikisika. Asubuhi nilikuwa nakwenda peke yangu kukaa kwenye benchi karibu na daraja, najilazimisha, nikitazama chini ya majani kama nilivyofundishwa. Nilichokuwa nakiona ni uso wa somo akiniombea dua.

Yule mke, ambaye nilikaa nyumbani kwao, alikuwa akifuma kila baada ya chakula cha jioni. Siku moja akaniuliza, mume wa mwenzangu ana kichwa kikubwa?

"Cha kawaida," nikamjibu.

Alikuwa akimfumia kofia ya sufu. Alitumaini, alisema, mume akipata zawadi kutoka kwao atalainika, na mwaka ujao atamruhusu mkewe. Siku ya kuondoka akanipa kifurushi kilichofungwa kwa uzi: darubini ya somo, kofia ya mumewe, na kadi ya maneno machache waliyomwomba yule mwanafunzi wa Kizanzibari awaandikie kwa Kiswahili.

Nilikaa na kifurushi kile Kikwajuni siku nne. Ningeweza kutoa kofia na kadi, nikapeleka darubini peke yake. Nilikifungua. Nilikifunga tena. Siku ya tano nilikipeleka kama kilivyo, na mpaka leo sijui kama ulikuwa ujasiri au uchovu.

Somo alinikaribisha kwa furaha. Kabla hajakigusa kifurushi alitaka kujua yote. Wanyama wao wanakunya wapi? Ndege wanaanza kulia upande gani wa mlima? Kwenye ile mialoni niliyomtajia, ukoga umekaa upande mmoja au pande zote? Nilikuwa nimekaa wiki tatu na sikuwa na jibu hata moja. Ndipo alipokata uzi. Akaitazama darubini, akaiweka mapajani kwa uangalifu. Akaivuta kofia.

"Hii ya nani?"

Akafungua kadi, akaisoma polepole, anapitisha kidole chini ya kila neno. Nilijua iliandikwa nini: salamu kwa mume wako, tunamwomba mwakani akuruhusu uje.

Nikamwambia. Nilimwambia walichosema kwenye gogo, alichosema yeye, na nilichosema mimi. Sikujitetea, maana sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia pia nimemwonea wivu tangu siku ya paa nunga, na kwamba siku ile sikumwona yule paa.

Nilidhani atazungumzia safari.

"Mie si kitu," akasema. "Lakini yule ni maiti. Umemsingizia maiti, hana wa kumjibia. Hakunikataza jambo maisha yake yote."

Akaniambia nitoe simu niwaandikie pale pale. Niliandika, naye amesimama juu yangu. Nikamsomea kwa Kiswahili nilichoandika. Akaichukua simu mkononi mwangu, akatoka nayo, akaenda kwa mpwa wake ambaye ni mwalimu wa skuli, amsomee tena. Nilibaki kibarazani nikisubiri. Sijawahi kudharauliwa kwa haki namna ile. Aliporudi alinipa simu na kusema ni sawa, nitume.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili, ya adabu na mafupi. Wazee wale walimpa pole somo kwa kufiwa, wakamwomba radhi kwa kofia. Mimi hawakunitaja. Kamati ilijua, kijiji kikajua. Mwenyekiti aliniondoa kwenye kuongoza wageni kwa miezi kadhaa, akanipa fagio. Sikubishana.

Mwaka uliofuata somo akaenda, yeye na mpwa wake. Nilifagia njia zake zote. Wakati ule alikuwa akituma sauti kwenye kundi la simu la kamati, kila jioni, kwa lafudhi yake ile ile ya mashamba, na watu wote wakikusanyika kusikiliza. Siku ya tatu tu alisema amekuta tundu la kigogota na makinda ndani yake, kwenye mti ulio juu ya benchi karibu na daraja. Wenyeji wenyewe walikuwa hawajaliona, na yule mzee mwenye daftari amelia. Ni benchi langu. Nilikaa pale asubuhi kumi na zaidi na ule mti juu ya kichwa changu. Niliisikiliza sauti ile mara tatu, nikiwa nimesimama peke yangu nyuma ya choo cha wageni, na wivu ulinichoma kama siku ya kwanza. Nilidhani ukiungama unapona. Mimi sikupona.

Aliporudi nilimwamkia, akaitikia. Hanitanii tena, na mimi siombi. Kamati ilinirudisha kwenye kutafsiri kwa sababu mpwa wake ana kazi yake ya skuli. Somo alikubali kwa sharti moja: nisiongeze, nisipunguze. Siku za mapumziko mpwa wake huja kutembea nasi, anasikiliza ninavyotafsiri.

Basi natafsiri. Akisema maneno mengi nasema mengi. Akinyamaza nanyamaza. Wiki iliyopita mgeni mmoja alitaka kujua ni nani aliyemfundisha kuona, na kama mimi pia ninaona. Somo akajibu kwamba alifundishwa na mama yake, na kwamba huyu hapa haoni, lakini Kiingereza chake ni kizuri.

Nikamtafsiria mgeni, neno kwa neno. Mgeni akacheka, akidhani ni utani, na somo akaendelea mbele kwenye njia na darubini yake shingoni.